Kanisa Nzima Ilimupigia Etiene Makofi

Mbele mutu mwingine hajawaelezea kwa njia yake, acha niseme mi mwenyewe: yale makofi yenye kanisa yetu ya hapa kambi ya bakimbizi ya Dzaleka iliwapigia bauaji ba mutoto yangu, bamama bamesimama, ngoma inalia, vitambaa inapepea hewani, mi njo niliyaleta. Si shetani, si muchawi. Ni mi, na musumari moja ya kutu, na udongo. Mpaka leo bantu bakinikuta kwenye bomba ya maji banasema, "Baba Riziki, na mi uniandike basi nipigiwe makofi," halafu banacheka na banaangalia pembeni, na siwakasirikii, ju kama ingekuwa mukasa ya mutu mwingine na mi ningecheka.

Tulikimbia vita ya Kongo tukitokea upande wa Fizi. Kwetu tulitoka tukiwa tumezoea kuwa bane. Hapa Malawi tulifika batatu: mi, bibi yangu, na binti yetu Riziki. Masomo yangu ilikomea ya tatu primaire, mujue hivyo mukiona nimekosea, lakini jina ya mutu naweza kuandika, na njo ile elimu kidogo ilinimaliza.

Sitaficha majina, nimeyaficha vya kutosha. Sadoki, komanda ya baaskari, njo alitoa amri ya kuchoma. Zabuloni, jirani yetu, njo alibeba mabati ya nyumba yangu siku ile ile, moshi bado inatoka. Na Etiene Asukulu, shemeji yangu, ndugu ya bibi yangu, tumbo moja, njo alitembea mbele ya baaskari akiwaonyesha mulango yetu na kidole. Kisa ni nini? Kipande ya shamba ya mihogo karibu na muto, yenye tulikuwa tunagombania mi na yeye. Akawaambia mi njo nalisha baasi ba musituni. Ndani ya nyumba mulikuwa mutoto yangu wa kwanza, Bahati, miaka kumi na moja, amelala na homa.

Mi nilikuwa ndani ya mihogo, niliona. Bibi yangu alikuwa sokoni, hakuona. Nilimuambia tu, "Ni baaskari," na ile ingine nikaimeza. Etiene alipotea na lile kundi, na bibi yangu akamulilia kama mutu mwenye alibebwa kwa nguvu. Kila jioni anamuombea, "Mungu, muchunge kaka yangu pahali iko," na mi pembeni, macho nimefunga, nasema Amina. Nilijiambia mutu hawezi kupoteza mutoto na ndugu siku moja. (Ile ilikuwa sababu ya kwanza. Ya pili iko, nitaisema, musinikimbize.)

Basi mwaka ule Pasta Yona akasimama akasema kanisa ya majani imetosha, tutajenga ya matofali, na kila famille itapiga matofali yake. Bolonteri. Malipo iko mbinguni. Bandugu ba kanisa ya Chilinde, kule Lilongwe, balisema batatoa simenti na mabati, na masoni ya kujenga ukuta tulipata mumalawi moja, Bambo Phiri, mutu ya maneno kidogo, mwenye alikuwa anaangalia ukuta na jicho moja kama anataka kuipiga risasi.

Tulifanya kazi famille nzima. Riziki na mama yake banaleta maji na kukanyaga udongo, mi niko kwenye kalibu ya kupigia matofali. Ilikuwa ile miezi mvua inatisha tu na haishuki, hewa imejaa maji mpaka unafikiri unakunywa ukivuta pumzi, shati imeshikana na mugongo tangu asubuhi, jasho inadondoka ndani ya kalibu inachanganyika na udongo, na tofali yenye ingekauka siku tatu inakaa juma nzima bado laini kama mukate. Hakuna mutu alilipwa hata kikombe ya chai. Na nilikuwa na furaha, niseme ukweli. Mara ya kwanza tangu Kongo tulikuwa tunajenga kitu.

Pasta alitoa sheria moja: kila famille itaandika jina yake juu ya tofali moja, ukuta ya nyuma ya madhabahu haitapakwa simenti, majina ya bale balijitolea ionekane mpaka batoto ya batoto. Nikaandika yetu na musumari, udongo bado mubichi: FAMILLE BABA RIZIKI. Herufi ilitoka nzuri sana. Bibi na Riziki balikuwa bameenda kuteka maji. Niko peke yangu, musumari bado mukononi, matofali mabichi yamelala mbele yangu yananiangalia.

Nikaandika SADOKI. Sijue nani alinituma. Mukono ilikwenda yenyewe. Kwa ile ya pili nikaandika ZABULONI. Kwa ile ya tatu nikaandika ETIENE ASUKULU, na jina ya baba yake, ju ba Etiene ni bengi duniani na sikutaka Mungu achanganye.

Shauri yangu ilikuwa ya kijinga lakini niliipenda. Matofali mabaya, yale ya kupasuka, yalikuwa yanapondwa na nyundo na kumwagwa chini ya sakafu. Nikasema, haya matatu nitayachoma na mengine, yakitoka kwenye tanuru nitayaweka na yale mabaya, na siku ya kuponda nitashika nyundo mi mwenyewe. Halafu kila siku ya Mungu kanisa nzima ikisimama kuimba itakuwa inawakanyaga, bamama banene bale ba kwaya zaidi. Nilicheka peke yangu pale kwenye udongo kama mutu ya wazimu.

Tanuru ilichoma vizuri. Majina yalitoka magumu kama chuma. Nikayaweka pembeni, kwenye fungu ya kuponda, na siku ya kuponda ilipofika malaria ikanilaza. Nilikaa kwenye mukeka juma mbili, natetemeka ndani ya joto ile. Riziki akaja akaniinamia.

"Baba, yale matofali yako ya majina nimeyapeleka."

"Umeyapeleka?"

"Nimemupa Bambo Phiri. Yote iko pahali yake."

Nikamubariki. Nikamuambia we ni mutoto mwema. Nikalala usingizi yenye sijalala tangu Kongo, ju nilijua sasa Etiene iko unga chini ya sakafu.

Siku ya kufungua kanisa nilikuwa nimepona, nimevaa kravate ya kuazima. Bantu ba Chilinde balikuja gari nzima. Mugeni mukubwa alikuwa Papa Deo, mutu ya Bukavu, amesoma sana, miwani, sentensi nusu Kifaransa (bale ba Bukavu bakituona sisi ba Fizi banafikiri tumeshuka juu ya muti jana). Ukuta ya nyuma ya madhabahu ilikuwa imefunikwa na shuka nyeupe. Pasta akamupa heshima ya kuivuta. Akavuta, shuka ikaanguka, na Papa Deo akarekebisha miwani akasema, "Mais c'est magnifique! Musinione nataka kuhubiri, nitasoma tu. Kila jina nikisoma, makofi!"

Akasoma famille ya Pasta, makofi. Akasoma famille moja, makofi, ingine, makofi. Akasoma FAMILLE BABA RIZIKI, na nikainuka kidogo na kuinamisha kichwa kama depite ya bunge. Bado sijakaa vizuri, nikasikia:

"Sadoki!"

Makofi.

"Zabuloni!"

Makofi. Jasho ikanitoka kwa nyuma ya masikio. Nikaangalia ukuta, na niliyaona yote matatu, yamepangwa katikati, pahali pazuri kabisa, pembeni ya tofali yetu, Bambo Phiri ameyasafisha hata na brosi. Riziki alikuwa kwenye benchi ya mbele. Akanigeukia akanichekea, ile kicheko ya mutoto mwenye amekuletea zawadi.

"Etiene Asukulu!"

Makofi yakaanza, halafu yakakatika, ju kwa upande wa bamama kulitoka vigelegele yenye sijasikia tangu ndoa yetu. Ni bibi yangu. Alikuwa amesimama, kilemba imeanguka, mikono juu.

"Kaka yangu! Iko muzima! Pasta, kaka yangu ametoa tofali!"

Papa Deo akatoa miwani, akapangusa macho. "Bandugu, njo hii inaitwa muujiza. Dada amepata ndugu yake ndani ya ukuta ya Mungu! Alors, bote debout, tumupigie Etiene makofi tena!"

Kanisa nzima ikasimama. Ngoma ikaingia. Mwenye tulikaa naye benchi moja akanisukuma na kiwiko: "We shemeji njo unabaki umekaa? Simama!" Na nikasimama. Na nilipiga. Mikono hii yenye iko inaandika, nilipiga nayo makofi, na Pasta aliposema tuombe nikasema Amina, ju nilikuwa nimezoea.

Inje, Riziki alinivuta pembeni. Uso yake ilikuwa imebadilika.

"Baba, muyomba Etiene iko muzima? Mi nilifikiri unaandika bantu betu benye balikufa na benye balipotea. Nilikuta bameyatupa na matofali ya kuvunja, njo nikamukimbilia Bambo Phiri nikamuambia haya ni ya famille, ayaweke mbele."

Pale njo ningesema. Mulango ilikuwa wazi. Lakini bibi alikuwa anakuja anakimbia, anacheka na kulia pamoja, akanishika shati: "Tofali ya kaka yangu nani alileta? Riziki anasema ni we uliandika!" Na kinywa yangu, hii hii, ikasema: kuna mutu alipita pale kwenye tanuru, mutu ya Lilongwe, akasema ametumwa na Etiene, akaniomba niandike.

"Na hukuniambia?"

"Malaria, Mama Riziki. Ilinisahaulisha."

"Iko wapi kaka yangu?"

"Nafikiri alisema Area 23, mule Lilongwe."

Kwa nini Area 23? Ju njo jina yenye ilikuja.

Kesho yake asubuhi Pasta alikuwa ametuombea kibali ya kutoka kambini, na tuko njiani. Mama Riziki alibeba unga ya mihogo kwenye mufuko, ile yenye alipiga mwenyewe, ju "kaka hajakula bugali ya kwetu miaka yote, banamulisha nsima ya mahindi tu." Alibeba na samaki ya kukauka. Area 23 joto ilikuwa inatoka juu na inatoka chini. Yeye Kichewa hajui, mi najua kidogo, basi mi njo nilikuwa wa kuuliza. Munajua niliuliza nini? Nilikuwa nauliza bantu banauzia wapi makaa. Banajibu, mi namugeukia bibi: "Hawamujui." Nyumba ya kwanza hivyo, ya pili hivyo, nikaona kazi inaenda, mpaka mama moja ya roho nzuri akamushika bibi yangu mukono, akatuvusha njia tatu, akatupeleka mpaka mbele ya muuza makaa.

Bibi yangu akaweka mufuko chini. Akamuangalia ule mutu, mweusi wa vumbi, mpaka akamusogelea, akamupangusa shavu na kona ya kitenge aone vizuri. Muuza makaa akabaki ameshika kopo yake ya kupimia, haelewi.

"Si yeye," akasema, pole pole. "Lakini pua inafanana."

"Huyu anasema Etiene alihama," nikasema. "Alienda Chilinde." (Ule mutu alikuwa ameniuliza tu kama nataka gunia nzima.)

Tulipita mutaa ya Biwi tukinywa maji, na saa tisa tuko kwenye soko ya Chilinde. Na pale Kichewa yangu ikaisha kazi, ju Chilinde bakongomani ni bengi, na Mama Riziki hakuningoja tena. Akasimama katikati ya meza za nyanya na nguo za mitumba, akapaza sauti kwa Kiswahili: "Bandugu! Natafuta kaka yangu, Etiene Asukulu, mutu ya Fizi!"

Mama moja alikuwa pale anakaanga mandazi. Akainua kichwa, na nikamutambua mbele yake hajanitambua: Mama Feza, ya kijiji yetu. Nikataka kurudi nyuma, nikakanyaga nyanya ya mutu.

"Etiene ya Asukulu?" akasema Mama Feza. "We si binti ya Asukulu? Unamutafuta ule umupatie nini?"

"Unga ya mihogo, dada. Unajua pahali iko?"

"Sijue pahali iko na sitaki kujua. Najua kidole yake. Dada, unamupelekea unga mutu mwenye alionyesha baaskari mulango yako?"

"Hapana," bibi yangu akasema. "Umemuchanganya. Yeye alibebwa."

"Alibebwa! Alikuwa mbele yao na bunduki hakuna mugongoni. Muulize bwana yako, si ule pale anajificha nyuma ya mitumba? Tulikuwa pamoja ndani ya mihogo, mi na yeye. Mi nilitaka kulia, njo yeye alinifunga kinywa na mukono mpaka bakamaliza."

Njo ile sababu ya pili. Sasa munaijua na ninyi. Kama ningesema Etiene alifanya nini, ningesema na mi nilikuwa wapi.

Bantu balitusogelea. Halafu mama moja ya kanisa ya Chilinde, mwenye alikuwa Dzaleka ile siku, akashika kifua: "Yesu! Si njo ule Papa Deo alitusomea? Tulimupigia makofi debout!" Na mutu, sikuona nani, akacheka. Moja alicheka, halafu babili, ile kicheko ya mutu mwenye hajui afanye nini na uso yake. Mwenye nyanya naye ananivuta mukono nimulipe.

Mama Riziki hakulia. Akaniangalia.

"Ulikuwa ndani ya mihogo."

"Ndiyo."

"Uliona."

"Niliona."

"Na leo umeniacha nipanguse uso ya muuza makaa."

Akamupa Mama Feza ule mufuko wa unga, akamuambia, "Pikia batoto," akaenda kungojea gari. Mpaka Dzaleka alikaa mbali na mi, na jasho inatutoka sisi wote.

Pasta Yona aliposikia alitaka matofali yatolewe. Bambo Phiri akafunga jicho moja akasema yale yako katikati, ukiyatoa ukuta itayafuata. Basi bakasema bayapake simenti. Akayapaka, matatu, vizuri, na sasa ukuta nzima ni nyekundu na ina madoa matatu ya kijivu, na hata mutu mwenye hajui kusoma anajua pahali bako.

Bibi yangu alikuja kuangalia ile kazi. Ilikuwa mara ya kwanza ananisemesha tangu Chilinde. Alisimama chini ya ukuta, Riziki pembeni yake, akangoja Bambo Phiri amalize doa ya mwisho, ya Etiene.

"Ulikuwa na udongo," akaniambia. "Ulikuwa na musumari. Sadoki ulimuandika. Zabuloni ulimuandika. Etiene ulimuandika mpaka na jina ya baba. Na Bahati? Bahati ulimuandika wapi?"

Niliangalia ukuta. Nilitafuta, kweli nilitafuta, kama mutu mwenye anaweza kuwa amesahau tu pahali aliweka. FAMILLE BABA RIZIKI. Kwetu hakuna mutu aliniita vile. Kwetu nilikuwa Baba Bahati. Ile jina niliiacha njiani, ju kila mara mutu akiniita nilikuwa narudi ndani ya mihogo, na hapa Dzaleka nilipoulizwa nikasema Baba Riziki, na bibi yangu akainyamazia. Nilikuwa na matofali matatu, na niliyapa bale.

Mvua ilikuwa imeanza kushuka nilipopiga tofali moja ingine. Ukuta ya kanisa imeisha, hakuna pahali. Tanuru imezimwa, hakuna pa kuichoma. Niliileta ndani ya nyumba na kalibu yake, nikaifungua juu ya mukeka, na Mama Riziki akatoka kuleta ule musumari ya kutu, sijue aliuokota lini. Akanipa. Akakaa karibu, Riziki akashika taa, ju mawingu ilikuwa imefanya giza saa nane. Ile B ikaanza kuenda pembeni.

"Andika vizuri," bibi yangu akasema, "Baba Bahati."

Hajanisamehe, musifikiri nawadanganya mupende mwisho. Tofali iko kwenye kichwa ya kitanda yake, bado udongo tu, na mvua ikivuja kitu ya kwanza anahamisha si unga, ni ile. Na mi nimeapa: Sadoki, Zabuloni na Etiene nitawataja na kinywa kwa kila mutu mwenye ataniuliza, nikisema na mi nilikuwa wapi, lakini mukono yangu haitawapa udongo tena. Musumari yeye njo alibaki nayo. Sijaiomba.